Wimbo ya Courant ya Chini

Furaha, mujukuu wangu wa kule Lubumbashi,

Barua yako imefika, tukaisoma wote hapa Nyawera. Mama yako iko muzima. Goti langu linauma, lakini bado linanipandisha mpaka kanisani.

Unaniuliza: ile wimbo ya chorale ya kanisa tuliyorekodi nikiwa musichana, gitare yangu ilipita mu ampli gani ya kukuza sauti? Unataka kuitafuta mu mashine yako yenye kuigiza ampli zote za dunia.

Ilikuwa ampli ya zamani, ya lampe, zile taa ndogo za kioo ndani yake. Lakini ile siku courant ya umeme ilikuwa chini sana, hata balbu ya chumba ilikuwa nyekundu sawa kaa la moto. Nikipiga kwa nguvu, sauti ilizama, kisha ikapanda polepole. Papa mwenye kurekodi akaniambia:

"Dada, tuache. Tungoje courant nzuri."

"Papa, ile nzuri tunaingoja tangu Pasaka. Tupige na hii."

Nikaacha kupigana na ampli. Kila noti niliingoja ipande, njo nikapiga yenye kufuata, na chorale yote ikanifuata. Njo maana ile wimbo inaenda polepole vile. Watu wanasema ni juu ya sala. Ilikuwa courant.

Basi, jina ya ampli haitakusaidia. Kama mashine yako iko na kifungo ya kupunguza courant, shusha. Gitare itaanza kukukatalia. Pale njo usizime mashine; ngoja noti ipande, sawa mimi.

Koko yako,
Nabintu