Mfano wa Pafu Zima

Shoga, uko? Usipige simu, nimejifungia chooni hapa hospitali.

Unamkumbuka daktari Ugarte alivyoniambia kikohozi changu ni baridi ya mji wetu huu wa Oruro tu? Mara tatu, Casilda. Mara tatu.

Leo kaja profesa kutoka La Paz kutufundisha sisi manesi kupima mapafu kwa ultrasound. Akataka mtu mwenye afya alale kitandani, tuone pafu zima likoje. Ugarte akanishika bega: "Mchukue Nelva. Alivyokonda, mbavu zote ziko wazi." Wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga.

Nikavua blauzi mbele ya watu ishirini. Profesa akanipaka ile jeli ya baridi, akaweka kifaa ubavuni. Akarudia palepale. Akarudia tena.

Kwenye skrini palikuwa peusi, shoga. Maji. Maji kwenye pafu langu.

Unajua alisemaje? "Leo tuna bahati, jamani. Sogeeni."

Bahati.

Wakasogea. Ugarte ndiye aliyekuwa mbele kabisa, anapiga picha kwa simu. Hakuna aliyeniuliza hata nakohoa tangu lini.

Na zile kilo saba nilizopungua, mlizokuwa mkinisifia, wewe wa kwanza, kumbe ni ugonjwa huu.

Walipomaliza wakagawa vyeti. Changu kilichapwa tangu jana, ninacho hapa mkononi: "Kwa Nelva Choquetopa, aliyejitolea kuwa mfano wa pafu zima."

Sahihi ni ya Ugarte.