Baba, Kumbe Haikuwa Ladha

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko salamu zinafika, lakini mie siwezi kuanza kusema na wewe bila kukuamkia, utasema ukubwa umeniharibu. Kaa vizuri, kama pana pa kukaa. Nina jambo, na tangu nilijue nakosea hata vya kila siku. Leo asubuhi chai nimeitia chumvi. Rukia, mjukuu wako, kainywa yote kwa kunionea huruma.

Unaikumbuka ile mahakama yetu? Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, pale kwetu Tandika, ulikuwa ukitandika mkeka barazani na kumwaga spika za masikioni ulizozikusanya: za dukani, za kuokota, za kuazima kwa mafundi wenzio ambazo hazikurudi. Mmoja anafumba macho, mwingine anamvika, wimbo ni uleule, na aliyefumba lazima aseme amesikia nini. Ukatufundisha kuzigawa kwa mwili wa mtu. Zenye besi nzito uliziita za tumboni. Zinazomsogeza mwimbaji karibu, ukamsikia mpaka anavyovuta pumzi, za kifuani. Na zile kali, zenye kupaisha vinanda na matoazi, za kwenye paji la uso. "Sauti ni ladha," ulikuwa ukisema, "na kila mtu na ulimi wake. Msichekane."

Sie tulichekana, tena sana. Mie nilikuwa mtu wa tumbo. Spika isiyonitikisa taya niliiona imekufa. Mama alikuwa mtu wa kifua, yeye alitaka sauti ya mwimbaji tu, vyombo vikae uani huko. Na wewe ulikuwa mtu wa paji la uso wa kupindukia. Zile zako zenye waya wa kahawia, Yarabi! Nani mwingine aliziweza? Mwimbaji akitamka "sisi" tu, sikio linachomwa sindano mbili. Mama akizivaa anazivua palepale, machozi yanamlenga. "Baba Zuhura, hizi umenunua kwa muuza filimbi?" Nawe unazivaa taratibu, unafumba macho, unatabasamu kama uliyepewa halua. "Nyie hamjui vitu vizuri. Hizi ziko wazi."

Ziko wazi. Neno hilo, Baba, ndilo lililonimaliza.

Kazi yako ya fundi mitambo wa mziki naiendeleza, unajua. Ulinifundisha miksa, ule mtambo wa kuchanganya sauti, kwa sababu moja tu: kwenye shughuli za wanawake, singo ya bibi harusi na kufundwa kwa mwari, fundi mwanamume haingii, na kila walipojiwashia mziki wenyewe walikuunguzia spika. Ukaniweka mie ndani, wewe ukakaa nje ya pazia unanielekeza kwa kugonga ukuta. Tangu hapo sijatoka. Nimesimama ubavuni mwa maspika makubwa tangu usichana mpaka leo nina mtoto wa kidato cha pili, nilivyokuona ukisimama wewe. Sasa wiki iliyopita kundi moja la taarabu la akina mama wa Mbagala wakaniomba niwachagulie spika za masikioni za jukwaani. Siku hizi mwimbaji hasimami tena mbele ya spika ya sakafuni ili ajisikie, anaivaa sauti yake sikioni. Nikarudi nyumbani na aina mbili za kujaribia, nyeusi na nyeupe, nikamwambia Rukia, "Leo tunafungua mahakama ya babu yako."

Nikafumba macho. Za kwanza zikaja zimejaa besi, nzito, lakini wimbo kama umefunikwa shuka. Za pili mwimbaji yupo karibu, kifuani hasa, ila maneno yake hayana ncha. Nikaanza kununa, nasema wenye duka wamenipiga. Akanivika za tatu. Lo! Matoazi haya hapa, vinanda hivi hapa, kila neno limesimama peke yake. Nikajipiga paja. "Hizi! Hizi ndizo. Ziko wazi!"

Nikafumbua macho, nikauona waya wa kahawia unaning'inia kifuani kwangu.

"Mama, hizo ni za babu," akasema. "Nilizitoa kabatini kwa utani tu. Nilijua utazitupa."

Hapo nilicheka, Baba. Nilicheka kwa furaha kabisa, nikasema mtoto wa nyoka ni nyoka, kumbe ulimi wa baba yangu ninao, ulikuwa umelala tu! Mtoto hakucheka. Alizivaa, akazivua upesi ameshika sikio. "Mama, zinachoma. Zinachoma kweli, sifanyi mchezo." Akachukua simu akafungua kitu walichoonyeshwa shuleni kwenye fizikia, mlio unaoanza mzito halafu unapanda kidogo kidogo. Unausikia? Nausikia. Na sasa? Nausikia. Na sasa? Nikamwambia, si umeshazima. Rukia alikuwa amekunja uso wote kwa kelele iliyokuwa inamwingia yeye.

"Haujazima, Mama."

Nilikwenda hospitali kwa kumridhisha, Wallahi, nikijua nitarudi kumcheka. Dada wa vipimo akanikalisha kwenye kijichumba kisichoingiza sauti, akanivisha hedifoni, akanipa kitufe: kila nikisikia mlio, nibonyeze. Milio mizito niliibonyeza vizuri, nikajiona fundi. Kisha pakawa kimya. Nikasubiri. Kupitia kioo namwona dada mkono unakwenda, unazungusha, ananitazama, anazungusha tena. Nikamuuliza, "Dada, umesimama?"

"Sijasimama," akasema kwenye hedifoni. "Naendelea."

Nilipotoka akaniuliza kazi yangu, nikamwambia mziki. Akatikisa kichwa, ameshawaona wengi. Akanieleza kwamba sauti za juu, zile nyembamba, ndizo zinazotangulia kuondoka kwa watu wa maspika, na zinaondoka polepole mpaka mwenyewe hujui. Zile nzito zinabaki, kwa hiyo unajiona unasikia. "Kinachopotea ni sauti za watoto," akasema, "na za wanawake wanaosema taratibu. Hasa akisema nawe umempa mgongo." Nikamuuliza kuhusu zile spika kali, mbona nimezipenda ghafla? Akasema ndivyo ilivyo, kwa mwenzio zinachoma, kwako wewe ndiyo kwanza zinatosha.

Umempa mgongo. Machozi yalinitoka, Baba. Dada wa watu akadhani nalilia masikio yangu, akaniletea maji. Mie nilikuwa nimeshafika Tandika, nimesimama kwenye kizingiti cha jikoni, nina umri wa Rukia.

Lahaula! Ulikuwa husikii.

Wewe fundi uliyeitwa Temeke nzima, ulikuwa husikii! Watoto wa mtaa walikuwa wakikuamkia shikamoo, unapita huitikii, wakakupachika jina la Bwana Maringo, na mama zao wakalichukua. Wazee wenzio wenye sauti nzito uliwaitikia vizuri, ndiyo maana watu walisema huyu anachagua wa kumwitikia. Shughulini wenyeji walikuomba upunguze miluzi ya spika, ukawaona washamba. Mama anakuita kutoka jikoni, "Baba Zuhura!", mara ya kwanza, mara ya pili, nawe umekaza macho kwenye redio uliyoifungua. Ile sauti yake ya taratibu unaijua, sauti ya mtu anayeomba maji kwa wenyewe. Alikuwa akirudi jikoni ananiambia, "Baba yako ananidharau." Sasa tungejuaje? Nyumba nzima ilikuwa imeamini kwamba mambo ya masikio ni ladha. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha.

Halafu ile siku. Ilikuwa mchana, umeinamia miksa, mgongo umeupa mlango, feni inakoroma. Mama alisimama nyuma yako na begi. Mlikuwa mmeshinda wiki nzima kwenye ugomvi huohuo wa kuitwa na kutoitika. Akasema, "Baba Zuhura, mie nakwenda kwetu. Ukitaka nibaki, sema." Nilisikia kila neno. Akangoja. Wewe ukaendelea kukaza skrubu. Akavuta kanga yake kichwani akatoka, akaenda kupanda pantoni kwao Kigamboni.

Baadaye ukainuka, ukajinyoosha, ukaniuliza, "Mama yako kaenda wapi?" Niliona moyo wako umeota magamba.

Kwetu sie, mke akiondoka bila kuaga amekuchapa kofi mbele ya mtaa mzima, na mume aliyefanyiwa hivyo hamfuati. Na mke aliyeaga asijibiwe naye harudi, mpaka afuatwe na wazee. Ukakaa Tandika unangoja uombwe radhi. Akakaa Kigamboni anangoja afuatwe. Wazee walipowauliza, wewe ukasema, "Kaondoka bila kuniaga." Yeye akasema, "Nilimuaga, hata kugeuka hakugeuka." Wazee wakaona mmoja wenu muongo, wakanawa mikono. Talaka hukumpa, naye hakuidai. Ulipofariki akakukalia eda, kamili, kwenye nyumba ambayo hukuwahi kukanyaga tangu aondoke, na watu wakamshangaa.

Na mie nilikuwa na uhakika muongo ni nani, maana nilikuwepo. Ningeapa kwa Msahafu. Kumbe hapakuwa na muongo hata mmoja! Nyumba imevunjika, watu wawili wamezeeka mbalimbali, wanatazamana ng'ambo ya maji, na wote wawili walikuwa wanasema kweli. Makubwa haya, Baba, nitayaweka wapi?

Tena nina hasira na wewe, acha niseme. Ulijua? Hilo ndilo linaloninyima raha. Fundi mitambo asiyesikia hakuna atakayemwita, labda ulijua ukaona bora uitwe mwenye maringo kuliko kiziwi. Au ulikuwa kama mie siku ile, unajipiga paja kwa furaha, unadhani ni utamu? Ungeniambia tu, "Zuhura, sauti ya mama yako siku hizi siipati vizuri." Maneno hayo tu. Mie ningevuka na pantoni jioni ileile.

Jana nilivuka. Nilimkuta Mama amekaa kwenye mkeka na ungo wa mchele, anachambua. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza yote kwa mpangilio: mahakama, kijichumba, dada wa vipimo. Vidole vyake vikaendelea kutoa chuya, vikaendelea, halafu vikasimama. Akasema, "Umezileta?" Nikampa. Akazivaa zile zako za waya wa kahawia, nikamwekea wimbo wetu uleule wa Jumapili. Machozi yakamlenga kama zamani, ila safari hii hakuzivua. Alizivumilia mpaka wimbo ukaisha.

"Kwa hiyo hakunisikia," akasema.

"Hakukusikia, Mama."

Akazivua, akaziweka juu ya ungo. "Nilisema taratibu makusudi, Zuhura. Jirani alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta. Niliona aibu asije akasikia namuomba mume wangu anizuie."

Nilimsaidia kuchambua mchele, tukapika, tukala kidogo.

Yangu mie ni haya. Dada wa vipimo kasema kilichokwenda hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa, basi nimenunua vizibo vya masikio na sisimami tena ubavuni mwa maspika. Akina mama wa Mbagala nimewaambia ukweli, nikidhani wataniacha. Wamesema hawaniachi, lakini spika wamejichagulia wenyewe pamoja na Rukia, wamechukua zile nyeupe, za kifuani. Mama angezipenda. Na Rukia nimempa sheria: usinisemeshe nikikupa mgongo, niguse bega kwanza. Juzi nilipika nikahisi mkono begani. Nikageuka. Akaniambia ameniita mara tatu, na mara ya pili alishaanza kunikasirikia. Nikazima jiko kwanza.

Ijumaa baada ya swala tunakuja makaburini. Ni Mama aliyesema, si mie. Nimemweleza kwamba ni mbali na magoti yake hayo, akaniambia nisimfundishe njia. Anakuja kukuaga upya, na amesema safari hii ataipaza sauti, jirani yako asikie, na mtaa mzima wa huko usikie.

Atasimama nyuma yako, Baba. Geuka.

Mwanao wa kwanza, uliyemwacha ndani ya pazia,
Zuhura