Mbabula Inawaka, Sufuria ni ya Maji

Mama Berthe mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kambi ya wafanyakazi ya Panda. Gazeti la parokia likifika nyumbani mimi huanza na ukurasa wako, na mara nyingi nimecheka watu walipokuletea mambo ya ndoa zao, nikajisemea mimi sitaandika hata siku moja, na leo zamu ni yangu, basi usinicheke.

Nina miaka ishirini na mbili, nasomea uuguzi katika taasisi moja ya hapa Likasi. Mwaka huu mwalimu wetu Evariste ameleta jambo ambalo kwetu halikuwahi kufanyika: amewachukua wanafunzi wa masomo mbalimbali akawaweka kikundi kimoja, watafute njia mpya ya kuonyesha hesabu, ili hata mtu asiyejua kusoma aelewe kwa kutazama tu. Kikundi chetu tuko wanne. Rolly anasomea upimaji wa ardhi, naye amekulia mstari wa nyumba ulio nyuma ya wetu; Zéphirin ni wa takwimu, anakaa mjini kwa mjomba wake mwenye duka; Chérie ni wa ushonaji; na mimi. Mwanzoni tuligombana sana, Rolly anataka ramani, Zéphirin anataka majedwali yake, mpaka Chérie akatuuliza hizo karatasi kubwa tutazitoa wapi siku hizi, na ni kweli hakuna, ndipo yeye akatoa wazo ambalo sote tulilipenda: tuchukue shuka jeupe, Rolly achore kambi nzima mstari kwa mstari, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba tuishonee kifungo, chekundu kama wenyewe wanakula jioni, cheusi kama wanalala njaa.

Si mchezo wa shule, Mama. Masista wa parokia wanataka kuanza kuwapa watoto uji, lakini unga hautoshi kambi nzima, wakamwomba Evariste wanafunzi wake wawaonyeshe waanzie wapi. Shuka litatundikwa Jumapili ya mwisho wa mwezi baada ya misa, na mistari yenye vifungo vyeusi vingi ndiyo itakayopata uji kwanza.

Sasa tutajuaje nani anakula? Zéphirin akasema: « Ukiuliza mutu kama alikula, atakuambia tu ndiyo, hata kama tumbo inalia. Batu banaona haya. Tusiulize, tuangalie mbabula inje. » Tukaona ana akili. Jioni tukawa tunapita kambini sote wanne, penye mbabula, jiko la makaa, inayowaka na sufuria juu yake tunaandika nyekundu, pasipo na moto tunaandika nyeusi, na mimi nilikuwa naandika kama wengine.

Mama Berthe, nyumbani kwetu mbabula inawaka kila jioni. Papa, tangu kazi yake ilipolala, anachoma makala, hayo makaa yenyewe, porini upande wa Kamatanda, kwa hiyo makala hatukosi, tunachokosa ni unga. Mama anabandika sufuria ya maji, anaifunika, anakaa kando na mwiko mkononi, anasalimia wapita njia, na giza likiingia anaimwaga tunalala. Niliwahi kumuuliza: « Mama, juu ya nini unachemsha maji ya bule? » Akanijibu: « Bajirani baone moto. Moto ikiwaka, hakuna mutu atauliza kitu. » Zamani hakuwa hivyo. Zamani nyumba ya pili alikuwa mama Colette, ambaye alikuwa akiingia na sahani ya bukari, ugali wetu, bila kuuliza wala kuulizwa, lakini yeye na watoto wake walipandishwa treni ya Kasai mwaka ule wa fujo, watu wenye asili ya huko walipofukuzwa, hatujapata habari yao mpaka leo, na walioingia mle hatuwajui. Wala si sisi peke yetu. Ukipita mstari wetu jioni utaona mioto mizuri kabisa, lakini husikii harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, wala ya samaki wa ziwa Tshangalele.

Juzi tulilitandaza shuka darasani, Evariste akarudi nyuma mpaka ukutani, akalitazama, akasema linaongea. Upande wetu wote ulikuwa mwekundu. Zéphirin alifurahi mno: « Muone, batu ya kule banakulaka! Masista baanzie ngambo ingine. » Chérie akapiga makofi. Rolly alikuwa anakusanya penseli zake. Na mimi nilisimama pale na sindano mkononi, kwa sababu kifungo chekundu cha nyumba yetu nilikishona mwenyewe.

Jioni ile nikamwogesha mdogo wangu Cathy, ana miaka minne, nikaona miguu imevimba. Nikabonyeza kwa kidole gumba, nikaondoa kidole, shimo likabaki pale pale. Tumefundishwa maana yake: ni utapiamlo.

Nikisema, mama yangu atadhalilika mbele ya watu, kazi yetu itatupwa, na Zéphirin, aliyenifundisha hesabu kwa uvumilivu mwaka mzima bila kunicheka, ataaibika mbele ya mwalimu. Nikinyamaza, mstari wetu utakuwa wa mwisho. Usingizi sina. Nifanye nini, Mama? Na tafadhali badilisha majina.

Mwenye sindano, Panda

*

Mwanangu mwenye sindano,

Pole. Pole kwa papa na makala yake, pole zaidi kwa mama. Majina yote nimebadilisha kama ulivyoomba, ingawa Panda mnajuana ninyi kwa ninyi, na sufuria sikuona pa kuificha.

Sasa kaa chini nikuseme kidogo. Kikundi chenu kina akili, hilo shuka ningependa kuliona mimi mwenyewe. Lakini mwalimu aliwachanganya wanne ili kila mmoja alete anachokijua, na ninyi jioni mlipoingia kambini mkaazima macho ya Zéphirin, sote wanne, kama vile yenu mmeyaacha nyumbani. Kwa mjomba wa Zéphirin mbabula ikiwaka kuna kitu ndani ya sufuria. Yeye alihesabu alichokiona, hana kosa. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Hawakusema pana bukari! Wewe ulilijua hilo, ukalimeza, ukaandika nyekundu. Na huyo Rolly anayekusanya penseli watu wengine wakipiga makofi, unafikiri kwao wanapika nini? Binti, wawili wenu mmenyamaza pembeni mwa shuka moja, kila mmoja anaona haya peke yake.

Mama yako usimhukumu. Mwanamke aliyezoea jirani wa kuleta sahani bila maneno, akabaki na majirani asiowajua, atafanya nini? Anailinda nyumba yake kwa kile alicho nacho, nacho ni makala. Mimi namheshimu. Lakini mficha uchi hazai, na huko kuficha sasa kunamla mtoto. Kwa hiyo nenda kwake kwanza, kabla ya Evariste na kabla ya wenzako. Mwonyeshe mguu wa Cathy, ubonyeze yeye akiona, umweleze kama muuguzi, si kama binti anayemlaumu. Atalia. Kaa naye mpaka anyamaze, kisha mwambie unachotaka kusema darasani. Nijuavyo kina mama, atakuambia nenda.

Ukifika kwa wenzako usizungukezunguke. Sema: kwetu mbabula inawaka na sufuria ni ya maji. Usianze na « kuna watu wanasema », maana ya watu yataitwa umbeya, lakini ya kwenu nani atakubishia? Zéphirin atakasirika. Mwache akasirike, atatulia. Mtu aliyekuvumilia na hesabu mwaka mzima hawezi kukuacha kwa neno la kweli. Rafiki wa kumwogopa ni yule ambaye unamwacha asimame mbele ya parokia na kosa unalolijua.

Kazi yenu haitatupwa, itarekebishwa, na wa kuirekebisha ni wewe. Tangu lini muuguzi anapima jiko badala ya mtoto? Chérie akate utepe, uutie alama kama mlivyofundishwa, mpite mistari yote mkipima mkono wa juu wa kila mtoto mdogo. Mama anaweza kuona haya, papa pia, mkono wa mtoto hauoni haya. Hesabu mpe Zéphirin, nakuahidi atazifurahia kuliko mioto.

Na jambo jingine, hapa nawagombeza wote pamoja na mwalimu wenu: vifungo nyumba kwa nyumba, mmetumwa na nani? Mlitaka mama wa watu atoke kupokea komunyo akute njaa yake imeshonwa ukutani na majirani wanainyooshea kidole? Wakati kisa chote kimeanza kwa sababu watu hawataki kuonwa! Rolly aache mistari tu, afute nyumba. Kila kifungo kiwe mtoto mmoja, cheusi kama mkono wake umekonda, kishonwe katika mstari wake, basi. Masista wataona mstari gani una weusi mwingi, na hawahitaji zaidi ya hapo. Kama Jumapili hiyo itafika hamjamaliza, shuka libaki limekunjwa na Evariste awaeleze masista kwa nini. Ni watu wazima, watasubiri wiki. Mkikosa pointi kwa kuchelewa, mkose.

Nimebakiza neno moja, na ndilo lililonikasirisha nikasoma barua yako mara mbili. Uliubonyeza mguu wa mdogo wako, ukaona shimo halirudi, na jina la ugonjwa huo unalijua kuliko mimi. Halafu ukachukua kalamu ukaniandikia mimi, mwanamke wa gazetini! Barua imesafiri, imesubiri mezani kwangu, gazeti limechapishwa, na mtoto yuko pale pale. Shuka na vifungo vinaweza kungoja. Ukifika hapa weka gazeti chini, mfunge Cathy mgongoni, mpeleke hospitali sasa hivi, na wakikuuliza jana alikula nini, waambie.

Mama Berthe