Mate ya Mwonja Chai

Jumatatu, 4 Machi

Mkate umenikwama kooni tena asubuhi. Mkate laini, wenye siagi! Nimetafuna weee, ukawa pamba mdomoni. Nikaushusha kwa maji. Mume wangu akacheka: siku hizi unakula au unasukuma? Nikacheka naye. Sikumwambia kwamba naogopa.

Kazini vikombe vyeupe vimepangwa kama kawaida, chai kavu, bila sukari wala maziwa. Chota kwa kijiko, vuta kwa kelele, zungusha mdomoni, tema kwenye ndoo, toa hukumu. Basi nimechota, nimevuta, nimezungusha — maji ya moto tu! Hakuna ukali, hakuna utamu, hakuna chochote. Nikamtupia jicho bosi wetu, nikasema kile ambacho uso wake ulikuwa unasema. Tunamwita Kijiko, maana kijiko chake hakitoki mfukoni mwa shati hata akienda msibani. Hajagundua. Nadhani hajagundua.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata dawa! Kipande cha limau shavuni kabla ya kuingia chumba cha kuonja. Taya zinavuta, kisha mate yanachuruzika — machache, lakini ni mate. Nimefurahi kama mtoto. Leo kila kikombe kilikuwa kichangamfu, kinauma ulimi vizuri. Kuna fungu moja la chai Kijiko aliliona limelala, halina ukali. Mimi nikasema changamfu. Akanitazama, akasema yeye anazeeka, ulimi wangu bado mbichi, basi liandikwe nilivyosema. Likaandikwa, likapelekwa kwa mnunuzi.

Nimefika nyumbani, nimevua viatu, ndipo kijasho chembamba kikanitoka. Kila kikombe kichangamfu? Lini chai zote zikawa changamfu siku moja! Nilikuwa naonja limau langu mwenyewe. Ee Mungu wangu. Mwonja chai gani huyu!

Ijumaa, 8 Machi

Kwa daktari. Mwanamke mchangamfu, mwenye maneno mengi. Toa ulimi, akasema. Akaugusa kwa kijiti — kikaganda! Hakucheka. Nikamuuliza, jamani, mate tu, yana nini hasa? Akavuta kiti kabisa. Karibu yote ni maji, akasema, ila hicho kidogo kinachobaki ndicho chenye kazi. Kuna ute wa kutelezesha tonge. Kuna kitu kinachoanza kuvunja wanga, kiasi kwamba mkate huanza kusagika kabla haujalijua tumbo. Kuna madini ya kulinda meno, na askari wa kupigana na vijidudu. Yanatoka kwenye tezi: chini ya masikio, chini ya taya, chini ya ulimi, na nyingine ndogondogo hata ndani ya midomo. Na ladha je? Hilo ndilo nililotaka. Akasema vinundu vya ladha huishi ndani ya mate. Vikikaa vikavu muda mrefu hunyauka.

Hunyauka!

Kisha akauliza kuhusu macho. Nikasema yanakwaruza kama yana mchanga. Akanichomekea kikaratasi chembamba kwenye kope la chini, tukangoja kilowe. Hakikulowa. Hapo ndipo maneno yake yalipopungua. Huenda kinga ya mwili wangu imenigeuka, akasema, inazishambulia tezi za mate na za machozi kama adui. Huenda. Wamechukua damu. Wamekata na kipande kidogo ndani ya mdomo wa chini, kikapimwe. Nikauliza kama yatarudi. Akasema tusubiri majibu. Hilo si jibu!

Njiani nilitaka kulia. Nikakunja uso wote, hata tone.

Jumapili, 10 Machi

Mdomo umevimba. Nimemwambia mume wangu ya daktari. Ya limau sijathubutu. Akanishika mkono. Tutapambana, akasema, mimi na wewe ni ulimi na mate. Akasikia alichosema, akajiziba mdomo. Tukacheka mpaka kidonda kikatoa damu. Baadaye alipolala mchana nikakaa peke yangu na hofu yangu. Sina kazi nyingine ninayoijua. Ulimi huu ndio unaonilisha.

Jumanne, 12 Machi

Mnunuzi amepiga simu. Lile fungu limelala, amesema, na aliyeonja alikuwa amelala pia. Analirudisha.

Kijiko hakunigombeza. Afadhali angegomba! Amesema tu kwamba Alhamisi litaonjwa upya, mbele ya wote, na mimi nitaanza. Nikaenda kunywa maji. Karani akanikuta: pangu pakavu, tia mchuzi! Chumba kizima kikaangua kicheko. Nikacheka pia, midomo ikapasuka.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika chooni, kazini.

Majibu ya daktari bado. Leo sikuweka kitu shavuni — siwezi kudanganya mara ya pili, tena kwa lile fungu lenye jina langu. Wote walisimama kuizunguka meza. Vikombe viwili: kimoja cha lile fungu lililorudi, kimoja kizuri. Kijiko akasema, haya, tuambie kipi ni kipi. Nikavuta cha kwanza. Maji ya moto. Cha pili. Maji ya moto. Nikautafuta uso wake nisome — alikuwa amenipa kisogo! Makusudi kabisa. Karani kashika kalamu, anangoja. Nikasema, sijui.

Sijawahi kulisema neno hilo kwenye meza ile. Hakuna aliyecheka. Nikaomba ruhusa nikakimbilia huku.

Kuna mtu mlangoni. Anagonga polepole, kwa kidole kimoja. Ni Kijiko. Anasema kwa sauti ya chini: binti yangu, wenzako nimewatoa. Tangu lini huonji?

Nataka kumjibu. Nafungua kinywa — ulimi umegandia kaakaani, neno halitoki. Anagonga tena. Anadhani nimekataa. Naacha kalamu, nafungua mlango.