Kuwinda Doa la Jua

Jumatatu, 4 Machi
Bosi wa kituo amesema wazi: hadi Ijumaa kamera yetu iwe inatazama pale pale tunapoiambia, la sivyo inashushwa kwenye darubini, wenzetu wa timu nyingine wanafunga yao. Kazi yote ile! Na kamera yenyewe huona kipande kidogo tu cha Jua. Bila doa jeusi la kulenga, utajuaje umeelekea wapi? Nalo Jua wiki hii ni safi kama sahani iliyooshwa. Hata doa moja hakuna!

Mama alipiga simu, nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. Eti yeye amezeeka akifua madoa ya watu, na bintiye anakaa kuomba doa. Makubwa haya!

Jumatano, 6 Machi
LIMETOKEA! Ukingo wa mashariki, nene, jeusi, na katoto kake pembeni. Nimelipenda jamani. Fundi wetu, ambaye hachekelei hata mshahara ukiingia, alipiga meza kwa furaha. Tumepiga picha ya Jua zima kwa kamera nyingine ndogo ya pembeni, tumepima doa lilipo. Kulenga ni kesho, leo mawingu yametuwahi. Usingizi? Wapi!

Alhamisi, 7 Machi
Aibu! Darubini ilienda tulikoituma — doa hakuna. Fundi akalaumu kioo, akaanza kulegeza skrubu, mimi namshikia tochi, machozi yananilenga. Asubuhi yote tunapigana na kioo kisicho na kosa. Ndipo nikatazama picha tuliyopimia. Ya jana! Na Jua linajizungusha, doa linakwenda nalo. Tumemgongea mlango mtu aliyekwisha hama!

Fundi alikaa sakafuni akacheka. Haraka haraka haina baraka, dada'angu, akasema, skrubu zimejaa kiganjani. Tukakaza zote, tukapiga picha mpya, tukalenga upya. Karibu. Karibu zaidi. Halafu — katikati kabisa! Nilimkumbatia. Ananuka grisi. Sijali.

Ijumaa, 8 Machi
Bosi amesimama mlangoni, mkoba begani. Doa kubwa halitaki, ati hilo mtu hubahatisha. Amechagua kale katoto. Mara moja tu, hakuna kurudia. Moyo wangu!

Nikapiga picha ya sasa hivi (fundi akanikonyeza), nikaingiza namba. Darubini ikageuka taratibu. Weusi kidogo ukachungulia kwenye skrini — wingu! Anga zima lina wingu moja, nalo limekuja hapo hapo! Skrini giza. Fundi kaguna.

Nilingoja bosi atazame saa, aondoke. Wala! Ametua mkoba, amevuta kiti, amekaa mbele ya skrini. Anauliza kama tuna chai. Naandika haya maji yakichemka. Wingu bado.