Jibu Liko Kileleni

Jumatano, 4 Septemba

Mdomo umeniponza! Leo nilikwenda dukani kwa mama yake Mwalimu, mpenzi wangu, kumwomba nimwoe binti yake. Shati jeupe, maneno nimeyakariri tangu juzi. Yeye nyuma ya kaunta, kati ya misumari na mifuko ya saruji. Hata shikamoo haijatulia, akanikata: mambo ya binti yake hayazungumzwi dukani. Kesho kutwa anaondoka kwenda kupanda mlima. Niende naye. Nikifika kileleni nimuulize, atanijibu huko huko.

Nikasema, "Hakuna shida, mama."

Hakuna shida! Mimi ambaye nikipanda ngazi kubadilisha balbu pale kinyozini kwangu natoka jasho la kwapa.

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Anasema mama na marehemu baba yake walikuwa wakipanda kila mwaka, wawili tu. Hii ni mara ya kwanza bila mzee. "Umwangalie," akaniambia. Nimwangalie mimi? Mtu anayenyanyua mfuko wa saruji kama mto wa kulalia!

Alhamisi, 5 Septemba

Nimenunua viatu vya mlimani. Mitumba, lakini soli ngumu. Nimejinyoa kipara, kinang'aa – mkwe apelekewe mtu nadhifu. Fundi viatu wa jirani anasema jua la mlimani litanikaanga. Wivu tu.

Ijumaa, 6 Septemba

Kipara kimekaangika.

Mama amenionea huruma, akanipa mtandio wake wa maua nijifunge kichwani. Mlinzi wa kibanda cha wapandaji alinitazama, akamtazama mama, akarudi kuchochea jiko lake. Mtu mwenye busara zake.

Tumetembea kutwa, mama mbele, mimi nyuma nahema. Jina langu kalisahau kabisa. Kinyozi, kanyaga hapa. Kinyozi, maji kunywa kidogo kidogo. Kinyozi, unakokota miguu kama unapelekwa mahakamani. Na kweli ndivyo nilivyojisikia.

Usiku huu tunalala hapa kibandani, vyumba tofauti. Nimefagia sahani ya viazi. Yeye kamega kimoja, akakiacha. Anasema kachoka. Lakini muda wote alikuwa dirishani, anautazama mlima.

Jumamosi, 7 Septemba

Asubuhi. Chai mkono mmoja, kalamu mwingine. Mgongo wa mlima unaonekana wote kutoka hapa mlangoni. Mwembamba! Kule juu kuna sehemu mlinzi anaiita Wembe – bonde kulia, bonde kushoto, njia ya mtu mmoja. Mimi na wembe tunajuana miaka mingi, ila si wa namna hii. Na bado hatujaanza.

Jumamosi hiyo hiyo, juu

Niandike upesi, vidole vimekufa ganzi.

Tulipofika katikati ya Wembe mama alisimama. Nikadhani anapumzika. Kumbe anatetemeka! Akakaa chini, akakumbatia jiwe. Akasema hapa mzee ndiye aliyekuwa akitangulia. Yeye alikuwa anatazama mgongo wa mumewe tu. Miaka yote hiyo hajawahi kuliona bonde.

Nilitaka kulia. Nilitaka pia kwenda nyumbani. Lakini uso ule naujua – ndio wa mtoto aliyekaa kwenye kiti changu akisikia mashine inanguruma. Mtoto wa hivyo humwambii usiogope. Unamchokoza kwa jambo analolijua kuliko wewe. Basi nikampita kwa magoti (sina aibu), nikampa mgongo, nikasema: hivi mama, saruji ikishaganda mabonge, si mtu anaiponda tu anajengea?

Upepo. Kisha:

"Nani kakudanganya?"

"Fundi wangu."

"Fundi gani huyo? Nyumba itawaangukia!"

Akainuka! Nikasikia mkono umeng'ang'ania mkanda wa begi langu. Nikasogea hatua, naye akasogea, ananisomea somo la saruji. Alipoanza kupoa nikamwambia na mchanga uliojaa udongo hauna neno. Ehe! Alinisuta mpaka tukavuka. Mimi mwenyewe nilisahau kutazama chini.

Sasa tumekaa kwenye jiwe pana. Kimebaki kipande cha mwisho, chembamba vile vile, na ukungu umekimeza. Tunasubiri. Mama anamenya chungwa.

Amesema bila kunitazama: haya, niulize. Hapa panatosha. Kule juu hadhani kama atafika.

Jamani! Swali lenyewe liko kwenye ulimi. Nimefungua mdomo kabisa. Lakini nikaona anavyotazama kule kwenye ukungu, kama mtu aliyeacha kitu chake huko. Nikasema, "Hapana, mama. Tulisema kileleni. Mimi nitatangulia."

Kamaliza chungwa zima, hata kipande hakunipa. Pengine nimeshaharibu, nitashuka na kipara kilichobabuka na mke sina.

Ukungu unaachia. Naona mawe ya juu. Amesimama, anajikung'uta maganda.

"Funga hilo daftari, mkwe. Twende kabla hakujafunga tena."

Mkwe! Sijui kama amejisikia. Simuulizi ng'o. Ameshashika mkanda wa begi, anavuta –