Mwadi Anakula Nini Sasa?

Jumanne, 9 Februari 1999
Sijagusa hadithi yangu tangu Noeli. Sababu ninazo nyingi, na zote zinafanana na uvivu. Kutwa nafundisha watoto kuandika. Nikirudi nyumbani, mkono wangu mwenyewe unakataa. Leo Abner, bwana yangu, ameuliza kama karatasi zile zinafaa kuwashia mbabula, jiko letu la makaa. Alicheka. Mimi sikucheka.

Lakini kweli — vita imefunga njia ya Kinkondja, mji umejaa askari, na mimi niko na Mwadi wangu, mwanamke wa kubuni, ambaye hayupo! Nilimwacha ziwani Kisale, ndani ya mtumbwi, akienda Kinkondja kumwona mama yake. Nyumbani, bwana yake Kalenga anamngoja. Nani anawahitaji hao?

Alhamisi, 11 Februari
Rafiki yangu Ève alikuja kunisuka. Kichwa kikiwa mikononi mwake, nikamsomea hadithi. Vidole vyake vikasimama! Akaenda kuchungulia sombe, majani ya muhogo aliyonibandikia jikoni, akarudi na swali.
“Ule Kalenga, iko muntu muzuri?”
Sikujua. Miezi yote hii, na sikujua!

Jumamosi, 13 Februari
Balaa. Ève amesimulia hadithi sokoni. Na sokoni yuko jirani yetu Assumani, muuza vitambaa. Mke wake Zaituni alifuata samaki Kinkondja kabla njia haijafungwa; mpaka leo hakuna habari. Sasa watu wanasema mimi, Phébé, nimeandika mambo ya Assumani. Sikumfikiria hata kidogo! Au nilimfikiria bila kujua? Najipekua kichwa kama mfuko wa mtu mwingine.

Jumapili, 14 Februari
Tumetoka kanisani, Assumani huyu hapa uani, kwenye lupangu yetu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi.
“Mama mwalimu, ule mwanamuke yako. Anakula nini sasa?”
Nilidhani sikusikia vizuri.
“Wa mu kitabu. Njia inafungwa. Anakula nini?”
Nikamwambia nitatafuta. Akasema aksanti, kama nimemwahidi dawa.

Nimeandika mchana kutwa. Mwadi anasonga bukari kwa mama yake. Samaki wapo, chumvi hakuna, anachuja majivu ya majani. Mimi mwenyewe nilisahau kula. Furaha gani hii? Kuna vita, mtu ana uchungu mlangoni pangu, na mimi nina furaha! Naitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Jumatano, 17 Februari
Kila Assumani akifunga meza yake sokoni, anakuja, namsomea. Abner anajifanya anatengeneza redio, kumbe anasikiliza.

Leo Assumani aliuliza: Kalenga akioa mwingine? Taratibu yakatoka yote. Kaka yake Yassini amemtafutia msichana. Ndugu wanasema Zaituni amekwisha kufa. Wanataka jibu Ijumaa.
“Papa Assumani, hii ni hadithi tu. Nabuni.”
“Minajua. Njo maana ninauliza weye. Bale bengine bote banataka kintu kwangu.”
Nimeogopa. Lakini nataka kujua pia — vibaya sana nataka kujua — Kalenga atafanya nini.

Ijumaa, 19 Februari
Amekuja moja kwa moja kutoka msikitini. Nimemwambia sijaandika. Atangoja, anasema. Ameacha sandali mlangoni, amekaa. Abner amempa maji.

Nimejaribu kumwoza Kalenga mke mwingine: uongo. Nimemfanya akatae: uongo pia, tena mtamu. Nimefungua shajara hii ili mkono usikauke.

Nimemuuliza Assumani anataka Kalenga afanye nini.
“Hapana, mama mwalimu. Usiniulize minyi. Uliza yeye.”

Ève ameingia mbio! Watu wa Kinkondja wamefika kwa baiskeli, wako kwenye uwanja wa kanisa. Wanawake pia? Wanawake pia! Amemwona nani? Hakungoja kuona, amekuja kutuita. Abner amesimama. Mimi nimesimama. Assumani hakusimama. Ameshika kiti chini yake kwa mikono miwili.
“Maliza mbele,” ananiambia. “Maliza, kisha tutaenda.”

Sasa nakuelewa, papa. Humu ndani ya hadithi, angalau, Zaituni bado anakula.

Nimekaa tena. Nimeandika mstari mmoja tu, nikamsomea: Kalenga akavaa viatu vyake.

Ananitazama. Anatazama sandali zake pale mlangoni.